Dada, Nimeisikiliza Albamu ya Mwanao

Dada yangu, uliyenitangulia katika kila kitu,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana nimeshazoea. Leo sikuandikii kwa ajili ya kukulilia. Nakuandikia kwa sababu mwanao ametoa albamu, na kuna jambo limetokea juu ya albamu hiyo ambalo wewe lazima ulisikie kutoka kwangu.

Naona unavyonyanyua nyusi. Ndiyo, albamu, nzima, na ya kwake mwenyewe. Thuraya uliyeniachia hajaanza skuli, hajui hata kufunga viatu, sasa anakaa Sur na anafanya kazi Ras al Jinz, kwenye kituo cha wageni wanaokwenda kutazama kasa wakitaga. Kazi ya kasa ni ya usiku, basi mchana wenzake wakilala, yeye anaegemeza godoro ukutani ili sauti isirudi, anashika gitaa, anaimba. Hana kampuni wala meneja. Ametunga mwenyewe, kapiga mwenyewe, karikodi mwenyewe. Na ameimba Kiswahili, dada! Kiswahili chake kilekile cha kuungaunga, cha watoto waliozaliwa huku kwenye Kiarabu, ambacho wewe ungekisikia ungemshika sikio.

Kuna jamaa walionipigia simu kuniuliza kama nimeridhia mtoto wa kike wa nyumba yetu kusikika hadharani. Nikawajibu kwamba nitajua nikishaisikia. Wakaniaga, nadhani kwa heshima ya mvi zangu, na mimi nikakaa na hiyo albamu, aliyonitumia kwenye simu kabla hajaitoa, karibu wiki nzima bila ya kuigusa. Niliogopa. Niliogopa isije ikawa mbaya nikalazimika kuisifu.

Thuraya mwenyewe alishanipa masharti. "Mama mdogo, sikiliza yote, usiruke hata moja. Tena usisikilize jikoni, masufuria yako yana kelele. Halafu Ijumaa njoo Misfat, mimi ntakuwa kule mlimani namalizia kuitengeneza. Kuna kitu nataka kukuuliza kwenye nyimbo ya sita."

"Kitu gani?"

"Ile nyimbo ya mama. Ni kitu kimoja tu nnachomkumbuka, sina chengine, wallah. Wewe ulikuwepo. Nataka uniambie kama ni kweli. Kama si kweli siitoi, khalas."

Basi Ijumaa baada ya sala nikatoka Ibra na gari langu, nikaiweka simu pale mbele, nikabonyeza.

Dada, sijui nikwambieje. Kabla hajaimba hata neno, anavuta pumzi, kisha anacheka kidogo puani, cheko la mtu aliyejikumbusha jambo lake mwenyewe. Ni wewe. Hilo ni cheko lako. Ikabidi nisogee pembeni ya barabara, malori yakanipita yakinipigia honi. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Halafu akaanza kuimba, na mwisho wa kila mstari sauti yake inashuka na kukwaruza kidogo, kama kwamba maneno yamekuwa mazito na anayatua chini. Wewe ulikuwa ukifanya hivyo hivyo ukipiga pasi kanzu za baba, tulipokuwa wageni Ibra, ndiyo kwanza tumevuka bahari, na mtaa mzima haujui sisi ni watu wa namna gani. Ulikuwa ukiimba kwa nguvu mpaka jirani akamtuma mtumishi wake kuuliza kama tuna harusi. Ukamwambia, "Mjibu ipo, na bwana harusi ndiyo hii kanzu, naipiga pasi."

Thuraya hayakumbuki hayo. Mimi siwezi kuimba, unajua, hata kuitikia maulidi naitikia kimoyomoyo. Hakuna mtu aliyemfundisha. Nilikaa pale pembeni ya barabara nikasema subhanallah, nikasema tena.

Nyimbo zilizofuata nilizisikiliza nikiendesha polepole kama bibi harusi. Ipo ya kasa anayerudi kutaga ufukwe uleule alikoanguliwa, na hajui nani kamwonesha njia. Ipo ya jiko langu, nimecheka peke yangu garini, ameutia humo mpaka mkate wa ufuta na paka wa jirani. Nyengine haina maneno kabisa, ni mguno wake tu na maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba ya Misfat, yanapita nyuma yake. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha kwa sauti, "si hii wimbo, mwanangu, ni huu wimbo," namwambia kioo cha gari. Kufika wimbo wa tatu nikanyamaza. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya mtoto wake aliyemdhania bado anacheza na vibao, akakuta ameshajenga ghorofa. Mimi nimemlea huyu! Nimemfulia nguo, nimempeleka hospitali, nimegombana na walimu wake wa hesabu, na sikujua kabisa kwamba ndani yake kulikuwa na yote haya.

Nilipofika Bidbid, pale njia ya Nizwa na njia ya kwetu zinapoachana, nikasimama kunywa chai. Ukweli ni kwamba wimbo wa sita ulikuwa ndio unaofuata, na nilitaka kuusikiliza nimekaa.

Nauelezea hapa, kwa sababu huu ndio ulionileta kwako. Mtoto amekaa chini, mgongo kwa mama, amebanwa na magoti mawili. Kuna harufu ya mafuta ya nazi. Mama amejifunga khanga nyekundu. Ameshika kitana kwa meno, na kwa kuwa ana kitana mdomoni hawezi kuimba, anaguna tu, na mtoto anausikia mguno huo mgongoni kabla ya kuusikia masikioni. Mtoto akisinzia anaambiwa, "Shingo, mwanangu, shingo." Na msuko ukimalizika mama anamgonga utosini kwa kidole, kumwambia ondoka. Basi. Wimbo wote ni huo. Anaomba agongwe tena utosini mara moja tu, na sauti inashuka na kukwaruza.

Chai ilinipoa mkononi. Dada, mikono ile ni yangu.

Wewe na kusuka wapi na wapi? Wewe hukuwa na subira ya kusuka hata mkeka. Nywele za mtoto ulizifunga kwa kitambaa cha kwanza ulichokikuta, ukambusu, ukakimbia kazini. Mimi ndiye niliyemsuka, kila Ijumaa, baada ya wewe kuondoka duniani. Khanga ilikuwa yako, hiyo ni kweli. Tulipozitoa sadaka nguo zako nikaificha ile nyekundu, nikawa naivaa kila ninapomsuka, ili pua yake isikusahau. Na huku namsuka namwambia, mamako alikuwa akipenda hivi, mamako alikuwa akisema vile. Babake alishaoa na kuhamia mji mwengine, hakuna mwengine wa kumwambia. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mtoto atakua bila ya wewe. Nikafanya kazi hiyo kwa bidii, dada, mpaka nikajifuta mwenyewe. Akaichukua mikono yangu, na mguno wangu, na kidole changu, akakupa wewe vyote.

Na nitakwambia lililonipata pale Bidbid, kwa sababu hatujawahi kufichana. Nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu wewe uliye chini ya udongo, mpaka machozi yakanitoka mbele ya muuza chai. Niliusikiliza ule wimbo tena nikauona ni mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, na haukupewa mimi.

Lakini nikisema kweli, atabaki na nini? Amesema mwenyewe, hana chengine. Nikijichukulia mikono yangu nitamwacha mtoto wa watu bila ya mama hata wa kumbukumbu. Basi kutoka Bidbid hadi Nizwa nikaamua. Nitamwambia ni kweli tupu, ndivyo alivyokuwa mamako, itoe. Nikazisikiliza nyimbo zilizobaki nikiwa na amani kiasi, na nilipoipita Nizwa nikaianza albamu yote upya, nikaenda nayo hadi mlimani.

Misfat gari haziingii ndani, unaijua. Unaliacha juu, unashuka ngazi baina ya mitende na kuta za udongo, na magoti yangu si yale ya zamani. Thuraya akaja mbio kunishika mkono. Amekonda. Tukakaa ukingoni mwa falaji, miguu karibu na maji, akanimiminia kahawa, hakunipa hata nafasi ya kuuliza hali.

"Umesikiliza yote?"

"Yote, na mara ya pili karibu yote."

"Hujaruka?"

"Sijaruka. Mwanangu, sijui umeyatoa wapi. Nimesimama njiani kwa ajili yako. Mimi mtu mzima, nimesimama njiani nikasema subhanallah."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Usinibembeleze, mama mdogo. Nyimbo ya sita. Ni kweli?"

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nikamtazama, nikamkuta amefumba macho kama alivyokuwa akifanya akingoja sindano. Hakuwa akiniomba nimfurahishe. Alikuwa amenipa dhamana, na mimi niko njiani kuivunja kwa mapenzi. Dada, nilishindwa.

"Mikono ile ni yangu," nikamwambia. "Khanga ni ya mamako. Mengine yote ni mimi. Mamako hakujua kusuka."

Akaitazama mikono yangu, mmoja kisha wa pili, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Maji yanapita, na watalii wawili wakapita, wakatusalimia, mimi ndiye niliyewajibu.

Mwisho akasema, taratibu, "Basi mama sina hata shwayya, hata kidogo."

"Unaye."

"Wapi?"

Nikaitoa simu mkobani, nikaufungua wimbo wa kwanza, pale mwanzo kabisa kabla ya maneno. Ile pumzi, na lile cheko la puani. Nikausimamisha. "Huyo hapo," nikamwambia. "Hilo mimi sina, bibi yako hakuwa nalo, na wala hujapata kulisikia ukalikumbuka. Na mwisho wa kila mstari, unaposhuka vile, huyo ni yeye anapiga pasi." Nikamhadithia ya harusi ya kanzu, ambayo sijui kwa nini sikuwahi kumhadithia. Miaka yote nilimpa dada wa kwenye picha, mpole, mwenye subira. Sikumpa wewe.

Akaipiga tena ile sehemu, akaisikiliza simu ikiwa sikioni, mkono umeziba mdomo. Akaipiga tena na tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe analia na kucheka pamoja.

"Ya'ni mimi miaka yote nalia kwa ajili ya mtu," akasema, "na mtu mwenyewe yuko Ibra, ananipigia simu kila siku kuniuliza nimekula."

Dada, nikwambie nini zaidi? Sijawahi kuambiwa neno lililonivunja na kunijenga namna ile. Nilimkumbatia mtoto wako nikamlilia begani, mimi niliyekwenda kule kumliwaza.

Albamu imetoka. Wimbo wa sita ameuacha kama ulivyo, hakubadilisha hata neno, na ni yeye aliyetaka nikuandikie barua hii hadharani ili wanaousikiliza wasome na kujua. Amesema radhi yako niiombe mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekujua. Basi naiomba. Nimekuondoa mahali ambapo nilikuweka kwa mikono yangu miwili. Nakuahidi nitamhadithia wewe wa kweli, mwenye kelele na haraka, mpaka achoke.

Limebaki moja. Tangu angali mdogo nilimkataza kuniita Mama. Wenzangu wote waliolea watoto wa dada zao wanaitwa Mama, hakuna anayeona ajabu, mimi nikasema hapana, jina hilo lina mwenyewe. Kila alipoteleza nilimrekebisha, hata mbele ya wageni. Jana kanipigia simu kutoka Sur, nilikuwa uani naanua nguo. "Mama," akasema, "upo?" Na mimi nikaitika, dada. Niliitika upesi, kabla hata sijakukumbuka.

Mdogo wako