Hotpoti ya Mama Imekuwa Sanaa

Jumamosi. Theluji inayeyuka, soksi zangu zimelowa, na Mama yuko jikoni anaimba. Asubuhi hakuwa anaimba.

Nilimpeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya Mei, binti wa jirani yetu Mchina, katika ukumbi mmoja hapa mtaani kwetu Agincourt, huku ughaibuni. Nilikuwa na nia yangu. Mei amepanga sakafuni kila kitu ambacho mama yake amekataa kutupa: mitungi ya sosi, vipande vya sabuni, vifuniko visivyo na chupa, mifuko ya plastiki iliyokunjwa pembetatu kama sambusa. Mama Mei alikulia China, kwao hata uzi ukikatika ulifungwa fundo ukaendelea na kazi. Nikawaza, Mama akiyaona haya, labda ataniruhusu nitupe yale makopo yetu ya zamani ya aiskrimu anayohifadhia maharage.

Mama akazunguka taratibu, anatikisa kichwa kwa heshima. Alipofika katikati akasimama.

Hotpoti yake. Ile yenye waridi kwenye kifuniko.

Aliipeleka kwa Mama Mei siku ya Idi ikiwa imejaa pilau, na haikurudi. Tangu hapo salamu zao kwenye lifti zilikuwa za mdomo tu, na mimi nyumbani nilisikia habari za hotpoti zaidi ya habari za dunia. Sasa iko chini, imezungushiwa utepe, na kibao kinasema usiguse.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alishavuka utepe.

Mama Mei, aliyekuwa amesimama pembeni, akamuwahi, akaikumbatia hotpoti, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Tupu hairudi. Kila siku nawaza nitie nini."

Maskini, alikuwa anaona aibu. Hakujua chakula gani kingelingana na ile pilau. Akatoka nayo mlangoni, na Mei akabaki anaiangalia sanaa yake ikiondoka.

Mama akanigeukia. "Kumbe mwenzangu kalelewa."

Jioni hii hotpoti imerudi imejaa vitu vya nyama ambavyo Mama anaviita sambusa za kuchemsha. Tumekula hadi ya mwisho. Kisha Mei akapiga simu, kwa upole sana: pale katikati pamebaki pengo, anaomba hotpoti kesho.

Mama amekubali, na ameshaloweka mchele. Nimemwambia hotpoti inakwenda kwenye maonyesho, haiendi kwa mtu. Ameniangalia kama nimetukana.

Sasa najiuliza: na pilau nayo itazungushiwa utepe?