Sikio la Kushoto la Aneth

Bwenini, Shanwe, Mpanda
3 Februari 2025

Shangazi Verdiana,

Shikamoo. Mvua hizi hazijawalowesha dagaa? Na mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, isipokuwa sikio la kushoto. Haliumi, ila limelizidi la kulia kwa ukubwa. Naliangalia kwenye kioo, kwenye dirisha la darasa, hata kwenye sufuria ya chai. Wenzangu wanasema hawaoni kitu. Nadhani wananihurumia.

Shida ni picha ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Lazima masikio yote mawili yaonekane. Mpiga picha alikuja, nikajificha chooni. Atarudi Ijumaa tarehe 21, ndiyo mwisho. Asiye na picha hafanyi mtihani. Wewe ndiye uliyenilea, niambie ukweli. Tafadhali usimwonyeshe mtu barua hii.

Mwanao,
Aneth

Ikola
10 Februari 2025

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Mgongo unauma, dagaa wamelowa, tunamshukuru Mungu.

Sikumwonyesha mtu. Ila miwani yangu imevunjika, nikampa jirani yetu Getrude anisomee, na sauti yake unaijua. Wanawake wote pale kwenye vichanja vya dagaa wakashika masikio. Shadia akaleta uzi wa nyavu, tukapimana. Hakuna ambaye masikio yake yalilingana. Shadia akamgeukia mumewe: "Yunus, ulilijua hili ukanyamaza?" Yunus akajibu, "Mke wangu, mimi nilitoa mahari ya mtu mzima, sikupima kipande kipande."

Ukweli ulioutaka: ndiyo, lako la kushoto limezidi kidogo. Na langu pia. Nimezeeka nalo bila habari, sasa siachi kulishika. Jana nimeunguza ugali. Wewe ndiye msomi, niambie nifanyeje.

Shangazi yako,
Verdiana

Bwenini, Shanwe
22 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ugali. Habari ya Getrude ilinikasirisha, nikalia, halafu nikafika pale Yunus alipojibu, nikacheka.

Nilikwenda kwa Madamu Jeniffer, mwalimu wa malezi, nikamwambia nina shangazi ambaye hawezi kuacha kuwaza sikio lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo shangazi yuko kidato cha ngapi?"

Hakunicheka. Alisema ni maradhi ya mawazo, yanatibika, na atanipeleka kwa mtaalamu hospitalini. Kwa sasa nipunguze kujiangalia, tena nisiulize watu. Kwa hiyo ukinijibu usiseme lolote kuhusu sikio, hata zuri. Na wewe acha kulishika.

Jana nilipigwa picha. Mpiga picha akasema, "Dada, turudie." Nikajua ameliona.

"Umefumba macho," akasema.

Tukarudia. Sikuomba kuiona. Nilitamani sana, lakini kengele ya chakula ililia, nikaenda kula.

Mwanao,
Aneth