Kukaa Chini Ghena Akipika

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimekabidhiwa Ghenadie. Miaka hamsini na miwili – zaidi ya nusu yake kwenye makao ya serikali ya kutunzia watu, akipakuliwa chakula, akivalishwa, akiambiwa saa ya kulala. Sasa ana chumba chake hapa mjini Cahul, na jiko la gesi analoliogopa. Asipoweza kujipikia mwezi huu, anarudishwa makaoni. Bi Zinaida, msimamizi wangu, kanieleza hayo huku akimenya yai. Mimi mwenyewe niko kwenye majaribio. Diploma ya ustawi wa jamii ninayo, leseni bado.

Jumatano, 8 Oktoba
Ghena – ndivyo anavyotaka nimwite – anaongea! Eti huko makaoni hata chumvi hakuwahi kuishika. Nikamwonyesha kusonga ugali. Nilisonga mimi, yeye akatazama. Kala sana, na jibini.

Jumanne, 14 Oktoba
Zamu yake. Kashika mwiko, unga ukafanya mabonge. Nikanyanyuka – hata sijui nilinyanyukaje. Nimelelewa hivyo: mwanamume akisimama jikoni na mwanamke ameketi, nyumba nzima imeaibika. Nikamchukulia mwiko, kwa upole kabisa. Ghena kaenda kukaa kitandani, mikono mapajani.
Ugali ulitoka mzuri. Nikaukata kwa uzi, kama desturi yetu huku, nikampakulia.

Ijumaa, 17 Oktoba
Bi Zinaida kaja bila taarifa. "Haya Ghena, tupikie." Ghena kasimama mbele ya jiko, kanitazama.
"Dada ndiye anajua."
Basi. Hata kiberiti hakugusa.
Kwenye ngazi Bi Zinaida kaniwakia: "Chuo kimekufundisha sheria zote, mama, kukaa tu hakikukufundisha?" Nikamwambia kwetu hatukai mwanamume akipika. Akasema hata kwao hawakai, mumewe hajawahi kuchemsha chai. "Kumfanyia mtu, kila mwanamke wa hapa anaweza. Diploma ya nini hapo?"
Nimeona haya. Nimekasirika pia! Atarudi Jumatano, mara ya mwisho. Kuna mwingine anakisubiri chumba.

Jumapili, 19 Oktoba
Mazoezi. Nimekalia mikono yangu, kweli kabisa. Ghena kaunguza kidole, kamwaga maji, katukana. Jirani yake, Mama Raisa, kasikia, kaja na sufuria ya supu: "Aibu gani hii! Umekaa kama bibi harusi, na maskini wa watu anahangaika!" Nikamrudisha yeye na supu yake. Kanisonya. Ghena aliitaka ile supu.
Ugali wake ulikuwa uji. Tumekula kwa kijiko. Nilipofika nyumbani nililia kidogo.

Jumatano, 22 Oktoba
Niko jikoni kwake. Naandika ili mikono iwe na kazi. Bi Zinaida yuko kwenye kiti mlangoni, hajavua koti.
Jiko limewaka, jaribio la tatu. Maji. Chumvi. Unga – mwingi mno, Ghena, mwingi mno! Mwiko umekwama.
"Dada."
Naendelea kuandika.
"Dada, unaungua."
Na kweli unaungua, nasikia harufu. Apunguze moto tu, kitufe kiko chini ya mkono wake. Siruhusiwi kusema, Bi Zinaida kanikataza tangu mlangoni. Bi Zinaida halitazami jiko hata kidogo, ananitazama mimi.
Ghena kageuka. Ananinyooshea mwiko. Umefika hapa, juu ya daftari, ugali unadondokea ukurasa. Naandika. Moshi umejaa. Bado kaunyoosha, na mimi bado naandika