Udongo wa Chini ya Gunia

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Februari 1956

Mdogo wangu Anselmi,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniandikia. Mimi mzima, ila joto. Natumaini wewe na shemeji Severa hamjambo, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mpe shikamoo yangu.

Unaniambia baba mdogo Ignasi amesema mbele ya ukoo: "Udongo wa Anselmi umekufa, na kilichokufa hakifufuki." Kwa hiyo Jumapili ijayo unamkabidhi shamba la viazi. Ajabu, maneno hayo kutoka kwa mzee anayeongoza nyimbo za Pasaka kila mwaka. Nayakataa, na safari hii sibishi kwa mdomo mtupu.

Viazi vya kwetu hufika hapa na udongo wake, nasi wachuuzi tunaviosha, kwa kuwa mnunuzi wa Kariakoo hataki kiazi chenye tope. Juni iliyopita, joto lilipopungua, nilijaza mchanga wa bonde la Jangwani katika madebe manne. Mawili nikayatia udongo uliobaki chini ya magunia. Mawili mengine nikayatia udongo huohuo, ila niliuchemsha kwanza. Katika yote nikapanda viazi. Jirani yangu Lalit, mwenye duka la nafaka, akaniuliza kama sasa nauza vumbi kwa ratili. Nikamwambia angoje.

Septemba tulimwaga madebe mbele ya duka lake. Palipotiwa udongo uliochemshwa, viazi vilikuwa kama gololi. Palipotiwa udongo mbichi, vilikuwa kama mayai ya kuku. Lalit akadai ni mbolea. Nikamwuliza, mbolea gani hiyo inayokufa kwa maji ya moto? Akavigeuzageuza, kisha akaniomba vitatu ampelekee mkewe.

Ndivyo vitabu vinavyosema: ndani ya udongo wanaishi vijidudu wema, na ukungu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, unaoichotea mizizi chakula.

Sasa nifike pale ninapokwepa. Mwaka juzi mimi ndiye niliyekuandikia urundike majani makavu shamba zima na kuyachoma, tena nikakutumia dawa ya kuchovya mbegu. Nilikuwa nimesoma sura ya magonjwa, nikafunga kitabu. Viazi vilipodumaa, nilikuja Krismasi ya mwaka huohuo nikakuita mvivu mbele ya ukoo, nawe ukaibeba lawama kwa kunistahi. Kosa lilikuwa langu: moto na dawa viliwaua vijidudu hao. Nimelijua tangu Septemba, na kiburi kimenifunga mdomo miezi mitano.

Barua hii anaileta Shaibu, dereva wa lori. Anselmi, isome kwa sauti mbele ya ukoo, usiruke aibu yangu. Severa, chota udongo nyuma ya zizi la marehemu baba, ambako moto haukufika wala viazi havijawahi kunyauka. Konzi moja kila shimo, na mbegu usizioshe wala kuzichovya kwenye dawa.

Na wewe baba mdogo Ignasi, najua unasikiliza. Shikamoo. Shamba hilo usilipokee. Ngoja mavuno ya Julai, kisha uje uchimbe shina la kwanza kwa mkono wako.

Kaka yako,
Severine