Tangazo la Dansi ya Wilbert

Temeke, Dar es Salaam,
11 Agosti 1955

Mpendwa Dada Apolonia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Je, kifua kimepoa? Na migomba iliyoangushwa na upepo mmeiegemeza? Huku mwili wangu mzima, ila moyo hautulii.

Ni habari ya mwanao Wilbert. Jumamosi ameandaa dansi ya kuchangia mabati ya kanisa letu, na ruhusa ya Bwana Shauri wa wilaya anayo. Tangazo lilichapwa pale kwa Remtulla ninapofanya kazi, nami mjomba wake ndiye niliyepanga herufi.

Dada, ni tangazo baya, na ubaya wake ni wa mkono wangu. Wilbert alitaka jina lake liwe kubwa, unamjua kwa majivuno. Nikaliweka juu kwa herufi kubwa za mbao. Chini yake NJOONI WOTE, nene, nyeusi tii. Neno dansi nikalibana katikati kwa herufi nyembamba. Mstari wa ruhusa niliuweka mwisho kabisa, na nilipopunguza karatasi niliukata bila kuona.

Ukisimama ng'ambo ya barabara unasoma mawili tu: WILBERT, NJOONI WOTE, kama wito wa mkutano wa siasa. Na mwalimu wa serikali kama yeye siku hizi haruhusiwi siasa hata chembe.

Jumanne alikuja kazini bwana mmoja mpole wa serikali, kaptula imenyooka kwa pasi. Akalikunjua tangazo mezani.

"Huyu anawaita wote waje wapi?"

Nikamwonyesha neno dansi. Ilibidi ainame kulisoma. Hakucheka. Akauliza aliyepanga ni nani, nikamtajia jina langu, akalikunja tangazo mara nne akaondoka nalo.

Nilimkimbilia Wilbert. Nikamkuta anapiga pasi shati la Jumamosi.

"Mjomba, mie karatasi ya ruhusa ninayo. Sasa waogopa nini?"

Naogopa, Dada. Jana nilichapa mengine, ruhusa juu, jina dogo, nikaenda hadi Mbagala kubandua yale ya kwanza. Nilikuwa nimebandika kumi na mawili. Sikukuta hata moja, wala kipande chini. Yametolewa taratibu, pamoja na misumari yake.

Nisalimie Shemeji Theonest na binti yetu Avelina. Bikira Maria awafunike kwa joho lake. Mwombee Wilbert kwa jina, kwani wale wa serikali wanalo tayari, mara kumi na mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Gozbert