Komeo la Nje

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu wa kamati. Mimi! Niliyetoroka darasa la sita kwa dirisha, maana mlango mwalimu aliupiga kufuli, na siku hiyo hiyo nikaapa makufuli yatanikoma. Nesi mstaafu wa mtaani kanifuata mwenyewe kibandani kwangu, ninapotengeneza makufuli na vitasa. Kasema wana kamati ya kuangalia wazee wa mtaa: nani ananyimwa chakula, nani anapigwa, nani kasahauliwa ndani. Wanapita nyumba kwa nyumba. Shida yao milango. Wakibisha, mzee anajibu, lakini wa kufungua hayupo.

Nikamwambia, umefika. Nimefungua milango ya meli, ya benki (kwa ruhusa), na ya balozi mmoja aliyejifungia chooni. Nilipoyarudia kwenye kikao chao, wote walicheka mpaka nesi akavua miwani afute machozi. Nimepewa kizibao cha njano. Kinanibana tumbo lakini kimenikaa. Nilizunguka mtaa mara mbili, wasije wakanikosa.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba ya kwanza, nyuma ya mashine ya kusaga. Nesi kabisha. Sauti ya mzee kutoka ndani — mlango haufunguki kwa huku, wanangu. Kufuli nililimaliza nesi hajamaliza hodi. Nikageuka nijisifu. Ndipo nikaliona komeo lenyewe. Liko nje. Skrubu nne, mikato ya vichwa vyake yote imesimama wima kama askari kwenye gwaride. Hakuna fundi mwingine hapa anayejisumbua hivyo.

Kazi yangu. Mwaka jana, kabla ya mvua.

Ndani, dereva mstaafu wa malori, kwenye kiti cha plastiki, suruali imelowa. Jagi la maji limeangukia mvunguni mwa kitanda na yeye hawezi kuinama. Toka alfajiri. Akatuomba radhi. Yeye! Akatuomba radhi kwa harufu.

Nesi, huku anamfuta, akauliza ni fundi gani mwenye roho ya kuweka komeo nje ya chumba cha mtu. Akajijibu mwenyewe: kikulacho ki nguoni mwako.

"Mafundi wa siku hizi, mama," nikasema. Nikiwa ndani ya kizibao chake.

Alhamisi, 6 Machi

Kibanda sikufungua. Nimekaa na hili daftari, ambalo ndilo la vipimo vya milango, nikirudi nyuma kurasa kwa kurasa. Komeo la nje. Komeo la nje. Tisa. Nililipa hata jina: "Roho Nyeupe". Mfungie mzee wako, nenda kazini roho nyeupe. Nilitunga mwenyewe, nikacheka mwenyewe. Mtu anakuja na shida, bibi anatoka anapotea, bibi anaacha jiko linawaka — namuuzia chuma. Sikuuliza hata mara moja maji ya kunywa yatakuwa wapi.

Kazi yangu hailegei! Ndivyo ninavyowaambia wateja. Hailegei kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao. Binti wa yule dereva kaitwa. Nilitarajia zimwi. Kaja mwanamke mwembamba, vipande vya uzi vimeganda kwenye gauni. Anashona sare za shule, anaondoka alfajiri, anarudi jioni. Hakujitetea sana. Baba yake aliwahi kupotea siku nzima, akaokotwa barabara kuu. Fundi ndiye aliyemhakikishia kwamba komeo ni usalama wake.

Nesi akamuuliza, fundi yupi?

Akaniangalia. Nimekaa kiti cha mbele, njano tupu.

"Simkumbuki," akasema.

Ananikumbuka. Nilikunywa chai kwake vikombe viwili. Nikabaki nakuna sikio.

Hawakumfokea. Wamepanga zamu: jirani mmoja asubuhi, mwingine mchana, mwingine alasiri, na mlango ubaki wazi. Kisha nesi akauliza kama kuna anayejua milango mingine ya namna ile. Mdomo wangu usio na breki, leo umepata breki.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa nesi. Alikuwa anaanika nguo. Nikasimama upande wa pili wa shuka, afadhali asinione uso, nikasema yote. Kwamba ni mimi. Kwamba ni tisa. Hakunitukana. Ningeshukuru kutukanwa. Alifuta mikono, akachukua kalamu, akaniambia nitaje. Nikataja: kwa fundi viatu, kwa mjane wa kona, kwa wale mapacha wa bucha... Akaandika. Akapitisha kalamu toka juu hadi chini.

"Umesema tisa. Hapa ziko nyumba nane."

Nikasema hesabu ilinishinda toka shuleni. Akafunika kalamu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri.

"Ya tisa ni kwa dada yangu," nikasema. "Ndani yuko mama."

Jumanne, 11 Machi

Nane yametoka. Si kung'oa tu, nesi hakubali mlango uachwe wazi kabla zamu haijapata watu. Fundi viatu kahamishia meza yake barazani ili amwone mama mkwe. Mimi nimechukua alasiri kwa yule dereva. Anasema mizaha yangu ni mibovu kuliko breki za lori lake la kwanza. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka kwenye chumba kile.

Dada nimempigia simu. Kasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niliomba msaada, kaka," akasema. "Sikuomba komeo."

Ni kweli. Aliniomba nimchukue mama siku tatu kwa wiki. Nikasema nitafikiria, kazi zimenibana. Jumapili yake nikafika na komeo. Jipya! Nikamwambia ni zawadi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa kizingitini kwa dada, kwa penseli ya kazi. Yeye yuko kazini, anafua mashuka ya hospitali. Nesi atakuja saa nne. Nilitaka anikute nimemaliza.

Nimemaliza. Kufuli limetoka, skrubu zote nne zimetoka. Nilizizungusha taratibu kama mwizi. Ndani kimya, nikadhani mama amelala. Kisha nikagonga fremu mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Mazoea tu. Ndivyo nimalizavyo kila kazi.

"Ni wewe," mama akasema.

Siku nilipolifunga nilimdanganya kwamba ni kitasa kipya, wezi wamezidi. Akajibu ahsante mwanangu. Sikumbuki kama nilimwangalia.

"Hata siku ile nilijua. Nilikusikia unagonga." Akakohoa kidogo. "Komeo lako zuri, baba. Halilegei. Nimelijaribu."

Nimekaa chini.

Komeo liko mfukoni, linavuta suruali. Mlango haujashikwa na kitu sasa, hata upepo ungeufungua. Nimefungua milango ya meli mimi. Mama ananiita tena kutoka ndani, anacheka au analia sielewi, anauliza:

"Fundi, mlango umekushinda?"

Sijausukuma. Niko huku nje.