Gari la Viti vya Ngozi

Bugwema

Kaka Mugeta,

Shikamoo. Mwandiko utauvumilia, naandika kwa mkono wa kushoto. Mama hajambo, mihogo wamevuna. Lile gari lako kuukuu la kifahari, ulilosemaga ni faida, bado limelala uani kwa baba. Spea zake zinapita bei uliyolinunulia, na kuku wanatagia kwenye viti vya ngozi.

Mume wangu aliponivunja mkono nilikimbilia nyumbani. Baba akakubali niachike, ila wakwe wakadai ng'ombe zao za mahari, zile ulizouza ukanunua gari. Baba akawaambia wachukue gari. Baba mkwe alilizunguka, akacheka, akaniambia nifungashe nguo turudi.

Ukinijibu, andika salamu tu. Mume wangu anasomaga kwanza.

Mdogo wako,
Scholastika